Mahali pa Kutundika Taulo

Jumatatu, 3 Machi 2025. Endasak.

Masika yameanza leo saa tisa alasiri, na koki ya bafuni imelegea tena. Nayaandika pamoja kwa sababu yamekuja pamoja.

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo ya kidato cha tatu. Nimechana kurasa za mwanzo. Magazeti hayachapi tena barua zangu. Mkuu wa shule ameniomba nisizidishe dakika tano kwenye vikao. Mume wangu Joakimu yuko Simanjiro na greda la barabara hadi mwezi wa sita. Lazima niseme na kitu fulani.

Koki yenyewe ni ile ya shingo ndefu, imesimama juu ya sinki la kunawia na kushikwa na nati moja tu kwa chini. Asubuhi nimeikuta imeinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza uongo kwa adabu. Fundi Nicodemo aliikaza Januari, akaikaza Februari. Nimempigia aje kesho.

Bafu hili tulilijenga ndani ya nyumba mwaka jana kwa ajili ya Mzee, baba yake Joakimu, ili asitembee kwenye matope kwenda choo cha nje. Ni chumba kidogo. Ukikaa kwenye choo goti linagusa sinki. Desemba Mzee aliteleza barazani akaumia nyonga. Tangu hapo shemeji yangu Yonas, aliye na cheo na nyumba ya geti Dodoma, amekuwa akipiga simu kila Jumapili. Jana alimaliza kwa kusema: "Nakuja Pasaka, shemeji. Nikimkuta Mzee hajiwezi mwenyewe, naondoka naye. Simwachi ateseke huko mlimani."

Mzee alisikia. Ng'ombe wake kumi na mmoja wako bondeni kwa mpwa wake, na jioni wakipandishwa kunywa maji kijitoni anawaona kutoka kwenye kiti chake. Anawajua kwa mwendo. Baada ya simu akaiambia redio yake: "Redio, Dodoma mtu anatazama nini jioni?"


Jumanne, 4 Machi

Nicodemo amekuja saa nane, baiskeli yote matope. Nilimfundisha historia miaka minne. Sasa ana thelathini na kitu, ana mke, bado anasimama wima mbele yangu kama yuko darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hii ni mara ya tatu, Nicodemo."

"Ni kweli, Mwalimu."

"Kitu kikitokea mara tatu nilikufundisha kina nini?"

"Kina sababu."

"Sababu ni ipi?"

Aliitazama koki, akautazama mlango, kisha koki tena. "Inalalia upande ule ule," akasema polepole.

"Hilo hata paka analiona. Nauliza kwa nini."

"Labda nati, Mwalimu. Hizi za plastiki."

Hapo nikapata pa kuanzia. Nikamweleza jinsi nchi inavyopokea vitu vibovu na kuviita biashara, na jinsi fundi anayefunga kitu kibovu akijua ni kibovu anavyokuwa mshirika. Nilisema kama robo saa. Yeye alikuwa amelala chini ya sinki, anakaza, anaitikia "ndiyo, Mwalimu" kutoka huko chini.

Alipomaliza alikwenda kukaa na Mzee barazani. Mama yake Nicodemo ni Mdatoga kama Mzee, kwa hiyo wanaongea Kidatoga kwa sauti ya chini. Nilipotoka na chai wakanyamaza. Nadhani ni habari za ng'ombe.


Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mitihani ya majaribio. Koki imesimama.


Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mwalimu mwenzangu ananiambia nimepoa. Sijapoa, nimechoka, watu hawajui tofauti.


Jumamosi, 15 Machi

Nimesugua bafu. Ukutani karibu na sinki kuna doa la kahawia lisilotoka, kila Jumamosi liko palepale. Nimelalamika kwa birika.

Nieleze hili la birika, maana nikifa na mtu akasoma daftari hili ataona nilirukwa na akili. Mimi ni Mwiraqw wa Dongobesh niliyeolewa kwa Wadatoga. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimu, lakini kwao ni zaidi: mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, hamkaribii, hamtazami machoni. Hata humu ndani ya daftari sitaandika jina lake. Nimegombana na madiwani wawili, paroko mmoja na mkaguzi wa shule, lakini kwa miaka ishirini na saba sijawahi kumwambia mzee huyu neno la moja kwa moja isipokuwa shikamoo, tena kutoka mlangoni.

Watoto walipokuwepo walibeba maneno. "Brightness, mwambie babu chakula tayari." "Bibie, mwambie mama yako nimeshiba." Kisha watoto wakakua wakaondoka, na Joakimu yuko barabarani, tukabaki wawili ndani ya nyumba bila mtu wa katikati. Wiki nzima tulikaa kimya. Mzee ndiye aliyevumbua. Asubuhi moja akaiambia redio, ikiwa imezimwa: "Redio, chumvi ilikuwa nyingi jana." Nami nikaliambia birika: "Birika, leo tutapunguza."

Basi tunaishi hivyo. Leo nimeliambia birika kwamba watu wa siku hizi hawajui kunawa mikono bila kuupaka ukuta. Redio haikujibu.


Jumatano, 19 Machi

Imelala tena. Siku kumi na tano tu.


Ijumaa, 21 Machi

Nicodemo ameleta nati ya shaba. Amefunga, ametia washa mpya ya mpira, amezungushia silikoni. Kabla ya kuondoka alisimama bafuni muda mrefu anapapasa ukuta.

"Mwalimu, ingefaa tuweke kitu kingine hapa ukutani."

"Kitu gani?"

"Kitu tu. Cha kushikia." Akakohoa. "Cha kushikilia sinki."

"Sinki halijalegea, Nicodemo. Kilicholegea ni koki."

"Ni kweli, Mwalimu."

"Usinitafutie kazi mpya kabla hujamaliza ya zamani."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaenda kwa Mzee. Wakaongea habari zao za ng'ombe.


Jumatatu, 24 Machi

Mvua usiku kucha. Kila mtu hapa, mvua ikizidi, kabla ya kunawa uso anatoka nje kuutazama mlima. Tulikuwa hatufanyi hivyo kabla ya Desemba ile ya 2023, tope la mlimani liliposhuka Katesh.

Mlima upo. Koki ipo.


Ijumaa, 28 Machi

Nimerudi shuleni nikakuta sakafu ya bafu ina maji. Koki imelala hadi mdomo umegusa sinki, na paipu ya chini imeanza kuvuja. Vigae vinateleza kama samli. Mzee alikuwa amekaa barazani, kanzu imelowa pindo.

Hili si jambo la koki tena. Mzee akianguka kwenye maji haya, Yonas atafika Pasaka amkute kitandani, na atakuwa na haki. Mzee atapakiwa garini na redio yake, atakaa nyuma ya geti, hatamaliza mwaka. Na aliyemwangusha atakuwa fundi aliyelala chini ya sinki hili mara nne akiitikia ndiyo.

Nimekausha sakafu, nimefunga maji. Kisha nimekaa na simu nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la kata, lenye watu mia mbili na zaidi. Naweka kipande chake hapa, kwa sababu kimeandikwa vizuri na sitajifanya sioni:

"Tuna mafundi ambao elimu yao ni kubeba spana. Wanakuja nyumbani kwako, wanakunywa chai yako, wanakaza walichokikaza mwezi uliopita, wanaondoka. Ukiwauliza sababu wanatazama mlango. Siku mzazi wako atakapoteleza kwenye kazi yao, watakuja msibani na shuka la pole. Nasema: tuache kuwaonea haya. Asiyejua kazi aambiwe hajui, hata kama tulimfundisha kusoma."

Sikumtaja. Hakukuwa na haja.


Jumapili, 30 Machi

Kundi limewaka siku mbili. Wengi wananipongeza: "Mwalimu Helena kasema kweli." Nicodemo ameandika maneno mawili: "Sawa, Mwalimu."

Baada ya ibada Irene wa duka la vifaa vya ujenzi alinishika mkono. "Mwalimu, ujumbe wako umefanya kazi. Kijana alikuwa apewe kufunga mabomba ya nyumba mpya ya watawa. Wamempa mtu wa Katesh."

Nilijisikia vibaya kutoka kanisani hadi darajani. Kuanzia darajani nikajisikia nimeshinda. Naandika kama ilivyokuwa.


Alhamisi, 3 Aprili

Mzee hajaiambia redio neno tangu Jumapili. Shikamoo anaitikia. Nadhani ni baridi.


Jumanne, 8 Aprili

Joakimu amepiga.

"Mama Brightness, mwite huyo kijana mmalize."

"Mtu akikosea asiambiwe?"

"Aambiwe. Lakini wewe ukishaanza kusema huwa husikii."

"Sisikii nini?"

"Sasa mimi niko Simanjiro, nitajua nini?"

Mtandao ukakatika. Bafuni tunatumia ndoo na kopo. Yonas amethibitisha: anafika Jumapili ya Pasaka mchana na gari kubwa "lenye nafasi ya kulala."


Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimeamua kufanya mwenyewe. Shule imefungwa jana. Nimekwenda kwa Irene nikanunua spana na washa, na jibu nililompa aliponiuliza kama mtu wa Katesh hana nafasi sikumbuki lakini halikuwa zuri. Nimesubiri Mzee akae barazani, nimeingia bafuni, nimefunga mlango, nimelala chali na kichwa chini ya sinki.

Nina miaka hamsini na tatu. Nimesoma mapinduzi ya karne tatu na sababu zake, na nilikuwa sijui kwamba chini ya sinki mkono wa mtu mzima hauna pa kupita. Spana inazunguka robo, inagonga ukuta. Unaitoa, unaigeuza, robo nyingine. Maji ya kutu yanakudondokea jichoni na huna mkono wa kujifuta. Hapa ndipo Nicodemo alipolala mara nne, na mimi nimesimama mlangoni namhutubia.

Niliifungua nati nione washa ya zamani. Ilikuwa imebonyea upande mmoja tu, upande wa mbele, kama kisigino cha kiatu cha mtu anayechechemea. Kitu kinacholegea kwa kutikiswa na maji hakibonyei hivyo. Niliona, nikapita, kwa sababu kichwani nilikuwa natunga ujumbe wa pili kwa ajili ya kundi.

Nikatia washa mpya. Nikakaza hadi kiganja kikauma. Nikaisukuma koki kwa kidole, imara.

Kisha nikataka kuinuka, sikuweza. Goti la kushoto lilikuwa limekufa ganzi. Nikajikokota hadi kwenye choo nikakaa juu ya kifuniko kupumua. Nilikaa kama dakika tano, namsikia Mzee akikohoa barazani. Halafu nikainuka. Sikufikiri. Mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe, ukaishika koki shingoni, nikajivuta, nikasimama.

Na koki niliyoikaza kwa saa nzima ikalala. Upande ule ule.

Nilibaki nimeishika. Kisha nikanusa kiganja changu. Ugoro.

Nyumba hii ina mnusa ugoro mmoja.

Nikakaa tena. Nikatazama sasa kama mtu anayetazama. Alama za kahawia hazikuwa kwenye mpini wa kufungulia maji, zilikuwa shingoni. Na lile doa la ukutani liko palepale panapofikia mkono wa kushoto wa mtu anayejiinua kwa mkono wa kulia. Doa nililolisugua kila Jumamosi tangu Januari. Doa nililoliambia birika, kwa sauti ya kutosha kusikika barazani, kwamba watu wa siku hizi hawajui kunawa.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Kila asubuhi mtu wa miaka themanini na zaidi, aliyelala nje na ng'ombe zama ambazo fisi walikuwa wengi kuliko watu, anakaa pale peke yake na nyonga mbovu, anahesabu nguvu zake, anashika koki. Hawezi kuniita. Kama ningekuwa binti yake angeniita. Mimi ndiye mtu pekee ndani ya nyumba, na ndiye mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kuingia pale.

Na Nicodemo alijua. Alisema inalalia upande ule ule. Alisema kitu cha kushikia. Akakohoa, akasema cha kushikilia sinki.

Nilitoka na spana mkononi. Mzee alikuwa anatazama bondeni. Nikasimama mlangoni, nikafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nijifahamu sikuwa na sentensi.


Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Baada ya ibada nimetembea hadi kwa Nicodemo, bado nina tawi mkononi. Mkewe, Glory, alikuwa anaanua nguo kabla ya mvua. Akanisalimia vizuri kuliko nilivyostahili. Nicodemo akatoa kigoda.

"Ulijua tangu lini?" nikamwuliza.

Hakujifanya haelewi. "Januari, Mwalimu. Siku ya kwanza."

"Na hukuniambia."

"Ningesemaje?" Alikuwa anatazama chini. "Nianze vipi kukuambia habari ya baba mkwe wako akiwa... humo? Mimi nimekaa darasani kwako. Hata hapa sasa naona aibu."

"Ungeniandikia."

"Mwalimu, wewe ukiandikiwa unajibu."

Glory akacheka ndani ya shuka alilokuwa anakunja. Nikamwacha acheke.

"Na babu mwenyewe aliniomba," Nicodemo akaendelea. "Kila nikija ananiita pembeni. Anasema, kaza tu mjukuu wangu, kaza mpaka Pasaka ipite. Akijua huyu mama atamwandikia mwanangu barua, maana huyu mama hawezi kujua kitu akanyamaza."

Mvua ikaanza kwenye bati.

"Kuhusu nyumba ya watawa," nikasema.

"Hiyo imeshapita."

"Haijapita. Nitaisema palepale nilipoisemea. Lakini kwanza nataka chuma ukutani. Kile cha hospitali, cha kushikia."

Akatikisa kichwa. "Mzee akikiona atajua umejua. Hatakishika. Na kaka yake Joakimu akikiona Pasaka, si ndiyo ushahidi wenyewe? Atasema mmeshaweka vyuma vya wagonjwa."

Hapo tukakwama, wasomi wawili. Glory akalitupa lile shuka juu ya kamba ya ndani, iliyofungwa misumari miwili, na kamba ikabonyea.

"Humo bafuni taulo mnatundika wapi?" akauliza.

"Kwenye msumari wa mlangoni."

"Basi wekeni chuma cha taulo. Nani anamwuliza mtu kwa nini ana chuma cha taulo?"


Jumatano, 16 Aprili

Chuma kimefungwa. Ni bomba la maji la chuma, nene la inchi moja, limepakwa rangi nyeupe. Nicodemo ametoboa ukuta hadi nje, amepitisha bolti nne ndefu, na upande wa nje ameweka vipande vya bati nene chini ya nati. Kisha akashika kwa mikono miwili, akainua miguu, akaning'inia.

"Kilo sabini na mbili," akasema akiwa hewani.

Nikataka kucheka, nikakohoa.

Koki ameikaza mara ya mwisho. Kutoka barazani sauti ikaja: "Redio, leo wanabomoa nyumba?"

Nikaenda jikoni. Birika lilikuwa jikoni, lakini dirisha la jikoni linafungukia barazani. "Birika," nikasema, "nimechoka na taulo kuanguka mlangoni. Nimeweka chuma cha kutundikia. Wamekifunga kwa bolti nne. Hata fahali akifungwa pale hang'oki."

Nikasikia kifuniko cha kopo la ugoro kikifunguka, kikafungwa.

"Redio," Mzee akasema, "hilo litakuwa taulo zito."




Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimeandika kwenye kundi:

"Tarehe 28 mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu fundi. Nilikosea. Fundi hakukosea hata mara moja. Kazi yake ni nzuri, na aliyempa kazi akamnyang'anya kwa maneno yangu amrudishie."

Nimeifuta mara sita kabla ya kuituma. Mkono wangu ulitaka kueleza. Kila aya niliyoianza ilikuwa inaelekea bafuni kwa Mzee.

Wamekuja juu. "Mwalimu fafanua." "Ushahidi uko wapi?" "Kwani kakuhonga maharage?" Mmoja ninayemfahamu, niliyewahi kumshinda kwa hoja mbele ya mkutano wa kijiji, ameandika: "Hatimaye bingwa kaishiwa." Vicheko arobaini chini yake.

Ningeweza kuwajibu wote kwa sentensi moja. Nimezima simu.


Pasaka, 20 Aprili

Yonas amefika saa saba na gari lake. Amenenepa. Tumekula, tumesali, Mzee amevaa shuka lake jipya na kukaa wima kama mtu anayepigwa picha. Saa tisa aliinuka, akachukua fimbo, akaenda bafuni, akajifungia.

Sebuleni mazungumzo yakafa. Yonas alikuwa ameelekeza sikio. Mimi nilikuwa na sahani mkononi. Tukasikia fimbo ikiegemezwa. Kimya. Nikajikuta nimekaza mguu wa kushoto, kama mimi ndiye ninayeinuka. Kimya kikarefuka hadi Yonas akaanza kusogeza kiti.

Kisha maji. Yakatiririka, yakafungwa. Mzee akatoka, amenawa uso, akapita katikati yetu bila kututazama.

Yonas naye akaenda kukagua. Alikaa huko sana. Alipotoka anajifuta mikono akasema, "Hicho chuma cha taulo kimekaa vizuri, shemeji. Na mimi nitaweka kwangu."

Baadaye nimeingia. Taulo lilikuwa limesogezwa lote upande mmoja, na hapo wazi palikuwa na alama za mkono mnene wenye mafuta ya nyama ya Pasaka. Yonas ana miaka hamsini na nane. Hakujua ameshika nini.

Jioni alinifuata jikoni. "Shemeji, wote tunajua wewe husemi uongo. Nakuuliza wewe. Mzee anajiweza?"

Dirisha lilikuwa wazi. Barazani redio ilizimwa.

Maisha yangu yote nimewashambulia watu wanaojibu swali wakiwa wamekunja nusu ya jibu mfukoni. Nimewaita majina. Nikamtazama Yonas machoni, maana yeye naruhusiwa kumtazama.

"Kwa nyumba hii," nikasema, "anajiweza."

Alisubiri nyongeza. Kila mtu amezoea kwamba nina nyongeza. Nikaosha kikombe.

"Basi tutaona mavuno yakiisha," akasema.


Jumatatu, 21 Aprili

Gari limeondoka saa mbili asubuhi. Nafasi ya kulala imejazwa mahindi ya kuchoma na majogoo wawili. Nimelala mchana kutwa.


Jumatano, 30 Aprili

Watawa hawajamrudishia Nicodemo kazi yote. Amepewa jikoni tu. Nimekwenda kwa mama mkuu mwenyewe. Alisema atafikiria. Sikumhutubia, na nadhani hilo lilimtisha.


Jumapili, 11 Mei

Mvua inapungua. Maharage yamekomaa. Koki imesimama.


Jumatatu, 19 Mei

Nicodemo amemaliza jiko la watawa. Wamempa na vyoo.


Jumamosi, 24 Mei

Nimesugua bafu. Doa la ukutani limetoka lote, sasa lingine linaanza kwenye chuma, katikati, chini ya taulo. Hilo nimeliacha.

Mzee amechoka zaidi. Sijidanganyi. Asubuhi inamchukua muda kupanda ngazi mbili za baraza, na jana nilimwona kutoka dirishani amesimama mbele ya ngazi hizo, mkono umeegemea ukuta mtupu, ng'ombe wake wakiwa wameshapanda kijitoni na yeye bado hajafika kwenye kiti. Nilishika meza nisiende. Nilishika sana.

Jioni hii nilikuwa napepeta maharage jikoni, dirisha wazi. Hewa ina baridi ya baada ya masika. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari, kisha ikazimwa katikati ya sentensi ya waziri.

"Redio," Mzee akasema.

Nikaacha kupepeta.

"Hapa penye ngazi mtu akitoka na koti hana mahali pa kulitundika."

Nikatazama birika. Lilikuwa tupu, limepinduliwa kwenye rafu.

"Kweli, birika," nikasema. "Hapana mahali."

"Koti langu ni zito," ikasema sauti ya barazani.

Nimempigia Nicodemo. Nimemwambia aje Jumatatu, alete bolti ndefu.